Kitabu Yenye Haina Mwisho na Shamba ya Mama Mukwe

Kashebere, siku ya soko, mvua inanyesha

Kwa Mama yangu mupenzi, kule Kibabi,

Mama, ninakusalimia kwa mikono mibili. Ninamusalimia Papa, na ile mbuzi yenye ilinipigaka pembe siku ya ndoa yangu nayo naisalimia, hata kama haijaniomba pole mupaka leo. Goti yako inaendelea namna gani? Ulikuwa unasema inauma kila mara mawingu inafunika kilima. Huku mawingu haitokake, njo maana ninawaza goti yako kila siku. Siye tuko wazima. Rehema anaota meno, na kila jino mupya anaijaribu ku bega yangu. Bwana yangu Bahati angali anapakia mizigo ku makamyo. Anarudi na matope mupaka ku masikio, lakini anarudi, na ile njo kitu ninaombaka Mungu.

Usikasirike sababu sipige simu. Telefone ilikuwa mu mukono ya Rehema, na Rehema alikuwa ku mugongo yangu, na miye nilikuwa nimeinama juu ya sufuria ya maharagi. Tuliipika mbele ya kujua. Maharagi iliiva muzuri, telefone hapana. Njo ninaandika. Shofere moja amekubali kufikisha barua hii ku Masisi, na pale itapata pikipiki ya kuja kwenu. Kaka Innocent atakusomea.

Sasa Mama, kaa chini. Mama mukwe wangu amepata bwana. Ndiyo, mama mukwe, mama ya Bahati, ule mwenye anasemaka magoti yake inalia kama mulango! Lakini nianze ku mwanzo, sababu bila kitabu hautaelewa kitu.

Wakati ya mvua kali, kamyo moja ililala hapa siku mingi, magurudumu yote ndani ya matope. Mama mukwe alikuwa anamupikia shofere bugali na sombe ya majani ya mihogo. Siku kamyo ilitoka, shofere akashukuru, akatuachia kitabu ya Kifaransa. Ku ngozi ya juu kuko picha ya muji mudogo wa Bulaya, nyumba zinashikamana, na mwanamuke anachungulia ku dirisha. Ni roman, hadisi ndefu ya mauti na mapendo pamoja. Mama mukwe hajui kusoma, akaiweka ku jikoni pamoja na karatasi zingine. Kisha siku mingi njo nikaiona, nikaipanguza majivu.

Unajua masomo yangu ilikomea wapi, Mama. Lakini huku Kashebere, miye njo mwalimu! Kila siku kisha kazi, wakati jua ingali juu, bamama banaleta vitunga vyao mu kiwanja yetu, tunamenya maharagi, na miye ninasoma Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa kinywa. Neno ikinishinda, ninakohoa, ninaruka. Siku zingine ninakohoa sana mupaka Mama Zawadi, jirani yetu mwenye anauzishaka mandazi, ananiletea maji ya tangawizi.

Hadisi iko hivi. Mu ule muji, mama mwenye kuuza mikate anakutwa amekufa mu jikoni yake. Komisere wa polisi anafika, anauliza kila muntu, mupaka munganga wa hospitali. Na kuko mujane mwenye anauza maua, na mwanaume mwenye anatengeneza saa. Ule wa saa anamupenda ule wa maua, lakini hasemi. Kila asubuhi anaangalia tu dirisha yake.

Ungesikia bamama!

«Ngoja, Furaha,» Mama Zawadi akasema. «Muntu amekufa, na bale batu banaenda kunywa chai kwao? Matanga iko wapi? Nani alileta kuni? Nani analala na bafiwa?»

«Kitabu haisemi.»

«Basi ni muji ya bachawi. Komisere abakamate bote, tulale.»

«Na ule wa saa,» mama mwingine akauliza, «miaka yote anaangalia dirisha? Hana bajomba ba kutuma bamuposee?»

«Bazungu hawatumake bajomba.»

«Njo maana banauana!»

Mama mukwe peke yake hakucheka. Aliuliza tu: «Na ule mujane, yeye anajua kama anaangaliwa?» Nilimujibu kama kitabu haijafika pale. Akasema: «Anajua.» Akaendelea kumenya.

Sasa, Mama, mu ile juma njo mambo ilianza ku shamba. Unaijua ile shamba ya mihogo na maharagi nyuma ya kanisa, yenye baba mukwe marehemu alituachia. Ni ile tu njo tunakula. Asubuhi moja mama mukwe anapanda kilima na jembe yake, anakuta kipande ya chini imelimwa. Muzuri, majani yote imetolewa, mizizi imekungutwa. Tukasema labda muntu alikosea mupaka. Kisha siku chache, kipande ya pili. Kisha ya tatu, na vijiti vya maharagi vimesimamishwa, vyote sawasawa kama batoto ku masomo.

Wewe unajua hizi inchi zetu. Muntu akilima shamba yako bila kuuliza, kesho atapanda, kesho kutwa ataitisha chef wa kijiji na bashahidi, aseme iko ya babu yake. Mama mukwe aliacha kula. Alikuwa anakaa ku mulango anaangalia kilima, na mara anasema: «Nikinyanganywa ile shamba, nitamulisha nini Rehema?» Bahati akatoa panga, akaanza kuinoa. Anainoa asubuhi, anainoa jioni, mupaka ikakuwa nyembamba kama kisu ya kukata nyanya. «Nikimukamata,» anasema, «nitamupeleka kwa chef akiwa na miguu juu!» Miye nikaogopa. Bwana yangu hajawahi kupiga hata kuku, lakini muntu mwenye woga na panga mu mukono anaweza kuharibu maisha ya batu bote.

Kijiji yote ilipanda kuangalia. Bapapa, bamama, mwalimu na banafunzi yake, mupaka koko muzee mwenye hatokake mu nyumba alibebwa ku mugongo. Kila muntu anashika udongo, anatikisa kichwa, anasema «Eee!», anashuka.

Ile siku kisha kazi nilisoma kipande yenye komisere anakaa ku baraza anawaza. Mama Zawadi akanizuia.

«Acha kusoma. Miye nimeisha kumujua muuaji. Ni munganga.»

«Munganga namna gani? Kitabu ingali inabakia nusu!»

«Bote balikuja kuchungulia maiti, hata ule wa maua. Munganga peke yake hakuja kuangalia, hakuuliza hata namna alikufa. Mu muji mudogo, muntu haulizi? Haulizi sababu anajua!»

Bamama bakapiga makofi. Kisha makofi ikanyamaza, sababu mama mukwe alisimama na maganda yote ikaanguka chini.

«Ku shamba yangu,» akasema polepole, «nani hakuja kuangalia?»

Tukahesabu kijiji yote kwa kichwa, nyumba kwa nyumba. Mwenye alibakia ni moja tu. Ni Papa Deo, fundi wa mbao, mwenye nyumba yake iko ngambo ya barabara, mulango inaangalia upande mwingine. Tangu mambo ya shamba ianze, hakupanda kuiangalia, hakuuliza, hakusema hata «pole». Ni mufiwa wa bibi, alikimbilia huku wakati ya vita na musumeno yake tu, jamaa yake yote ilisambaa. Muntu wa kimya. Anaimba tu ku korali ya kanisa, na hata pale anaimba kama muntu mwenye anaomba ruhusa.

«Vijiti!» Mama Zawadi akalia. Akakimbia ku shamba na tumbo yake yote, akarudi na kijiti moja. «Muangalie huku mwisho. Panga inakata kwa mushazari. Hii imekatwa sawasawa kama meza. Ni musumeno!»

Mama, tulivuka barabara kama majeshi. Bahati mbele na panga, Mama Zawadi na kijiti, miye na Rehema ku mugongo anakula ngozi ya kitabu. Papa Deo alikuwa anapiga randa ku ubao. Akatuona, akaendelea kupiga randa, lakini randa ilikuwa inapita ku hewa tu.

«Papa Deo,» Bahati akasema, na sauti yake ikakuwa ndogo kuliko panga, «ni wewe mwenye unalima shamba ya mama yangu?»

«Ni miye.»

«Unataka kuikamata?»

Papa Deo aliweka randa chini. Akashangaa kweli, Mama, kama muntu mwenye umemuuliza kama anakulaka misumari.

«Kuikamata? Mutoto yangu, kwetu kijana akitaka bibi, anaenda kwanza kulima kwa bazazi ba musichana, baone mikono yake. Haiko hivyo hata kwenu?»

«Iko hivyo,» Bahati akasema.

«Sasa mama yako hana tena bazazi. Ningelima kwa nani?»

Papa Deo akaangalia viatu vyake.

«Na miye sina tena bajomba ba kutuma. Nilituma jembe.»

Wee Mama! Panga ilianguka chini yenyewe. Mama Zawadi alianza kulia na kucheka pamoja, akajifuta macho na kile kijiti. Na mama mukwe? Alikuwa nyuma yetu ku barabara, amejifunika kitambaa mupaka ku pua. Akasema neno moja:

«Nitajibu wakati kitabu itakwisha.»

Akageuka, akaenda kupika.

Ile siku Bahati hakukula. Alikaa anaangalia bugali. «Furaha,» anasema, «nitamuita nani? Papa Deo? Baba? Shemeji?» Nikamwambia aite kwanza bugali, itapoa. Lakini na miye, Mama, roho yangu haikutulia. Mama mukwe njo anabeba Rehema wakati ninaenda ku soko. Njo mwenye alinishika mukono siku ya kuzaa, wewe ulikuwa mbali na njia ilifungwa. Bahati akisafiri na kamyo, tunabakia siye batatu, na siogope. Akienda kwa bwana, nitabakia na nani?

Siku ya kumaliza ikafika. Kiwanja ilijaa kama Noeli. Hata bapapa balikuja, banajifanya banatafuta kivuli, na jua haikukuwa. Ngambo ya barabara Papa Deo alikuwa anapiga randa ubao ileile, imebakia kama karatasi. Nikasoma. Komisere anaita batu bote, anasema «Muuaji ni…» Ule wa saa anapanda ngazi ya mujane, anagonga, mujane anafungua. Nikageuza ukurasa.

Mama, hakuna. Ni ngozi ya kitabu tu, na alama ya meno ya Rehema. Kurasa za mwisho zimenyofolewa.

Nikainua kichwa. Kila muntu ananiangalia. Nikamuangalia mama mukwe. Kitunga yake ilikuwa imekwisha zamani, na mikono yake ilikuwa ingali inamenya maganda matupu, moja kisha ingine, moja kisha ingine.

Ningeweza kusema mujane alikataa. Ningesema: akamufungia mulango, akabakia na bajukuu yake mupaka mwisho. Neno ilifika ku ulimi yangu, Mama, hakika. Lakini ile mikono.

Nikainamia ngozi ya kitabu, nikasoma kwa sauti kubwa: «Muuaji ni munganga!» Mama Zawadi akaruka, akakumbatia bapapa babili benye balikuwa karibu. Nikaendelea: «Na mujane akamwambia ule wa saa: ninakubali. Lakini mulango ya nyumba yako uigeuze iangalie kwetu, mujukuu yangu akianza kutembea, afike peke yake. Na mutoto yangu mwanamuke nisimuache: asubuhi nitavuka kumubebea mutoto, jioni tutakula pamoja. Na ule wa saa akasema: mulango ni kazi yangu.»

Nikafunga kitabu. Ngambo ya barabara, randa ilikuwa imenyamaza.

Bamama bakapiga vigelegele, bakabeba vitunga vyao, bakaenda. Mama mukwe akabakia. Alikuja kukaa karibu yangu, akamutoa Rehema ku mugongo yangu, akamuweka ku magoti yake.

«Leo haukukohoa,» akasema.

«Kifaransa ya mwisho ilikuwa nyepesi, Mama.»

«Furaha. Zile karatasi za mwisho niliwasha nazo mbabula ya makala, mbele hata uione kitabu. Sikujua kama ni kitu.»

Nikageuka kumuangalia. «Sasa kwa nini ulisema utajibu wakati kitabu itakwisha?»

Alimunyooshea Rehema kofia ku kichwa.

«Mama mukwe anaweza kumuuliza bibi ya mutoto yake mambo ya bwana? Ningetoa wapi ile kinywa? Nilijua utafika pale hakuna kitu, na utasema yenye iko mu roho yako. Kama ungesema hapana, ningebakia, na nisingekasirika.» Kisha akacheka kidogo. «Lakini ile ya mulango uliitoa wapi? Ilikuwa muzuri.»

Njo hivyo, Mama. Mulango ya Papa Deo imegeuzwa, inatuangalia. Rehema anatambaa mupaka ku barabara, tunamukamata mukia ya nguo. Bahati ameamua kumuita «Papa Fundi», na bote babili banakubali. Shamba tunalima pamoja, na vijiti vyote vinakatwa na musumeno, hatufiche tena.

Imebakia kitu moja, na ni ombi kubwa. Papa Deo hana mujomba wa kusimama nyuma yake mbele ya padri, na anaona haya kusimama peke yake kama muti. Ameniomba niulize: Papa yangu hawezi kuja kuwa mukubwa wake siku ya ndoa? Najua njia. Njia ikikuwa muzuri, Mama, mukuje bote babili, polepole, na goti yako. Tutawangoja mupaka mufike, hata mvua ipite mara mingapi. Mulete maharagi ya Kibabi, hii ya huku inaiva haraka lakini haina utamu.

Unisalimie Papa, umwambie atafute koti yake ya harusi. Unisalimie koko mwenye alinifundisha kumenya maharagi, na shangazi muimbaji wa Bihambwe, na mudogo wangu Sifa, umwambie asiache masomo hata kidogo: kama angekuwa hapa, ningekohoa kidogo. Unisalimie na jirani mwenye anauliza kama nilinona. Jibu ni ndiyo.

Na usiwashe moto na karatasi hii mbele Kaka Innocent aisome yote, sababu ombi iko ku mwisho. Kaka, na wewe, usome bila kukohoa.

Ni miye mutoto wako mwenye anakupenda,

Furaha, Mama Rehema