Debe Lililogawa Mfereji

Mpendwa mdogo wangu Paskali,

Unakumbuka ulivyorudi Oldeani kutoka chuo cha ualimu na habari za kompyuta zinazohesabu kwa maji badala ya umeme? Ulinieleza mimi, niliyekufundisha kujumlisha, kwamba kimo cha maji ndicho jibu. Ukabuni ya kwako: debe lenye matundu matatu chini, kila tundu kwa ukubwa wa shamba moja, na chupa chini ya kila tundu. Maji ya chupa yalionyesha saa ambazo shamba lile lingepata mfereji. Wewe ulichora, mimi nikatoboa.

Ukame ule mfereji ulikonda kama mkojo wa mbuzi. Watu wakakusanyika kutazama. Chupa ya Baba Mdogo, mwenye shamba kubwa kuliko letu, ilibaki karibu tupu.

"Unaninyima maji, we mtoto?"

"Sikunyimi, Baba Mdogo. Debe linahesabu."

"Unamwaga maji kuhesabu maji! Mahindi yangu yatakunywa hesabu?"

"Yape chaki!" mtu akadakia, watu wakacheka.

Nadhani kicheko kile ndicho kilichomtoa akili. Alilipiga debe teke. Ulipoinama kuliokota, akashusha mpini wa jembe kisogoni mwako. Pigo la pili nilisikia mfupa. Kabla ya la tatu nilimrukia, nikamng'ata sikio hadi damu yake ikanijaa kinywani. Lakini wewe ulikuwa tayari kifudifudi mferejini, maji yakiteremka mekundu.

Baba Mdogo alifia gerezani.

Sasa nikueleze nisichowahi kumweleza mtu. Nilipotoboa tundu lake, msumari mnene ulipinda. Nikatumia mwembamba, nikakuambia tayari. Tundu likiwa nusu ya upana, hupitisha robo tu ya maji. Ulilijua hilo vizuri, ila hukupima, kwa sababu aliyetoboa ni kaka yako. Maji yalihesabu sawasawa. Yalihesabu kosa langu.

Juzi nilimwambia binti yake, Martina, akipepeta maharage. Nilitamani anipige. Hakuinua hata ungo.

"Baba alisema mahakamani kwamba lile debe ni bovu," alisema. "Walimcheka na huko pia. Wewe kaka ulikuwa umekaa benchi la mbele."

Jumapili nitasimama kanisani niseme alichosema Baba Mdogo: debe lilikuwa bovu. Nimetaka ulisikie wewe kwanza, uliyekufa ukiliamini.

Lala, mdogo wangu.

Kaka yako