Kutwanga mpunga Washington

Maman yangu,

Uko namna gani hapo Saint-Gilles, mbali na Lubumbashi yetu? Leo tulikwenda na rafiki yangu Solange kwenye makumbusho makubwa ya historia ya Amerika. Mwongozaji akauliza nani atajaribu kutwanga mpunga kwa kinu kama cha watumwa wa zamani. Solange akanisukuma: "Enda, Clarisse!" Bon, nikatwanga kama ninavyotwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwako, watu wakapiga makofi. Mama mmoja mzee, Mwamerika mweusi, akauliza nani alinifundisha. "Maman Ngoie wa Lubumbashi," nikajibu. Akalirudia jina lako polepole, akachukua mchi wa pili, tukapokezana mpaka mchele ukawa mweupe. Akasema bibi yake alitwanga hivyo hivyo, machozi yakamtoka. Nilimkumbatia kwa niaba yako.

Mungu akulinde, maman. Nakubusu sana.

Clarisse