Fundo la Baba kwenye Tao la Nne

Collerupe, 5 Machi 1961

Kaka yangu Nazzareno,

Salamu nyingi. Kifua hakijambo na hilo vumbi la mgodini huko Ubelgiji? Msalimie Mariette, wifi yangu ambaye hata sauti yake siijui. Sisi wazima, ila magoti ya Mama. Kila kukicha wimbo wake ni mmoja: Jumatatu ya Pasaka umpeleke wewe kwenye matao ya mfereji wa maji wa kale, tukale chini ya tao letu kama kila familia. Nikamwambia nitaazima punda wa jirani. "Punda mpande wewe," akanijibu. "Mimi nitashikwa mkono na mwanangu."

Miaka saba, kaka. Njoo.

Mdogo wako,
Ersilia

Charleroi, 17 Machi 1961

Ersilia wangu,

Natumai hamjambo nyote. Kifua kiko vilevile, namshukuru Mungu. Ningekuja hata kwa miguu, lakini mgodini wameninyima likizo. Mwakani, naapa. Nifungie tawi la mzeituni kwenye pete ya chuma ya tao letu kama kila Pasaka, kwa fundo lile la Baba. Mwambie Mama asilie.

Kaka yako,
Nazzareno

Collerupe, 4 Aprili 1961

Kaka,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nina swali.

Jana tulikwenda, Mama juu ya punda akitukana njia nzima. Kufika tao letu la nne, pete ina tawi tayari, majani bado mabichi. Nikadhani kuna mtu amekosea tao. Mama akalipapasa fundo: nyasi imepita chini mara mbili, ncha imefichwa ndani. Baba alifunga vikapu vyake hivyo, na alitufundisha sisi wawili tu. Baba yuko kaburini, na mimi ndiyo kwanza nafika.

"Nazzareno yuko hapa," Mama akasema. Akakuwekea sahani, yai na soseji ya salami, akakataza mtu kula mpaka utokee. Tulikaa mpaka kondoo wakarudishwa zizini. Tangu jana sahani yako iko mezani.

Mwenye duka la njia panda anasema Jumamosi lilipita basi la watalii Wabelgiji. Niambie si wewe. Nitakuamini hata ukinidanganya.

Mdogo wako,
Ersilia

Charleroi, 15 Aprili 1961

Dada yangu mpenzi,

Sijui nianze na salamu gani. Ni mimi. Mariette alitaka kuyaona matao, na basi likasimama pale kwa saa mbili. Nilifunga tawi kwa mazoea tu, wala sikufikiri. Moshi wa nyumbani niliuona.

Nisingeweza kuja nyumbani. Nilipomchumbia Mariette, baba yake alisema hamwozi binti yake kwa mtu atakayemletea mama mkwe wa kutunza. Nikasema Mama alikufa, na Mariette anaamini hivyo mpaka leo. Salamu zako sijawahi kumfikishia hata moja.

Nitakuja Julai, peke yangu. Nisamehe. Mama asijue, soma hii ukiwa peke yako, kisha uichome.

Kaka yako,
Nazzareno

Collerupe, 24 Aprili 1961

Nazzareno,

Onyo la kuisoma peke yangu umeliweka mstari wa mwisho. Umesahau barua zako zinasomwaje hapa? Mezani, kwa sauti, kwa sababu Mama hajui kusoma, na majirani wamekuja na viti vyao. Nilipofika kwenye "alikufa" nikanyamaza. Mama akanigonga na kijiko: "Soma! Koo limekukauka?" Nikasoma yote.

Majirani walitoka mmoja mmoja, na mmoja wao, Concetta, kwa kuchanganyikiwa, akampa Mama mkono wa pole kama msibani. Mama hakulia. Aliinuka kwa magoti yaleyale, akaiosha sahani yako, akairudisha kabatini. Niliyelia ni mimi, kwa hasira. Nilikuwa nakuamini kuliko padri.

Julai usije. Mama ameniagiza niandike neno kwa neno, kisha nisikuandikie tena: "Kama nilikufa, mbona hukuja kunizika?"

Ersilia