Jenerali Hawezi Kumbeba Mercy Tena

Jumapili, Julai. Baridi, na jua halijaonekana tangu asubuhi.

Mama ameenda kanisani. Nimebaki na mdogo wangu Mercy hapa nyumbani, mtaani Kianda. Mvua nyepesi inagonga mabati, haina nguvu hata ya kujaza ndoo. Naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na sijui kama kuna mtu anayesoma haya. Labda ni afadhali. Kuna mambo yanayokwama mdomoni mwangu, lakini vidole havina haya.

Mercy ana miaka kumi na mmoja. Hatembei na haongei. Wakati wa kuzaliwa ubongo wake ulikosa hewa, na tangu hapo misuli yake hukaza kama kamba iliyolowa. Miguu yake hujifunga, mmoja juu ya mwingine. Kumwosha ni kazi ya watu wawili: mmoja anaitenganisha miguu polepole, mwingine anamwaga maji.

Isipokuwa Jumamosi.

Jumamosi gari la mradi wa watoto wenye ulemavu hutuchukua pale kituo cha Olympic pamoja na watoto wengine, likatupeleka kwenye mazizi upande wa Karen. Huko Mercy hupanda farasi. Anapanda kweli, kofia ngumu kichwani, mtu mmoja mbele ameshika kamba, na wawili kando, kila mmoja ameweka mkono juu ya paja lake asianguke. Farasi wake anaitwa Jenerali, mzee wa kijivu, mpole mpaka anasinzia akiwa amesimama. Kocha Wairimu alitueleza kwamba farasi akitembea, nyonga za aliyempanda huyumba kama za mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Joto la mgongo wa farasi nalo hulegeza misuli. Akiwa huko juu Mercy hutoa sauti ya chini kooni, kama mtu anayeitikia habari anayosimuliwa. Sijamsikia akiitoa mahali pengine.

Jumamosi jioni mama humwosha peke yake. Miguu inafunguka.

Jana ilikuwa siku ya mizani. Kila muhula wa mradi ukianza, wanaopanda hupimwa uzito.

Lazima nieleze jambo moja la nyuma. Wakati wa mvua kubwa, jirani yetu Mama Otis alimwona Mercy akiogeshwa mlangoni. Alimtazama mbavu, akamwita mama kwa jina langu kama kawaida: "Mama Nafula, huyu unamlisha ama unamwonyesha tu chakula?" Akacheka. Mama pia alicheka.

Lakini tangu siku hiyo mambo jikoni yalibadilika. Uji wa njugu asubuhi, yai, parachichi, ugali na omena iliyopondwa ikawa laini. Mama hufua nguo za watu kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na akipewa kipande cha nyama huko, kilikuwa cha Mercy. Sikulalamika. Mashavu ya Mercy yalijaa, na baridi ilipokuja hakukohoa kama miaka mingine. Mama akaanza kumbeba kwa kupitia njia ndefu, ile yenye watu.

Jana asubuhi alimpa bakuli la pili la uji kabla hatujatoka. "Leo wale wa farasi watajua huyu mtoto ana mama," akasema.

Hivi ndivyo wanavyopima. Mama husimama kwenye mizani akiwa amembeba Mercy, halafu husimama peke yake, na Kocha anatoa uzito wa pili kwenye ule wa kwanza. Mama alikuwa akitabasamu muda wote.

"Ameshika mwili, si ndiyo?" akauliza.

Kocha alirudia hesabu. Mimi siongei sana, kwa hivyo hutazama nyuso za watu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Alimketisha mama kwenye benchi, akamshika mkono. Alisema Jenerali amezeeka na mgongo wake una kikomo, na Mercy amekipita. Mtoto asiyeweza kujishikilia humlemea farasi kuliko uzito wake. Yuko farasi mwingine mkubwa, lakini ni wa kushtuka, na mwili wa Mercy huruka ghafla. Hata wale wanaotembea kando hawataweza kumdaka akiteleza. Alisema atatufundisha mazoezi ya kunyoosha miguu nyumbani. Aliomba msamaha tena na tena.

"Na akipungua?" mama akauliza.

Kocha akaiangalia mizani. "Si kosa lako, Mama Nafula. Umemtunza vizuri."

"Ningemwacha na njaa?"



Mercy alikuwa tayari amevalishwa kofia. Alikuwa anamtazama Jenerali, ambaye alikuwa na matandiko mgongoni, na ile sauti ya kooni ilikuwa imeanza. Kisha mvulana mwingine akainuliwa akawekwa juu. Farasi akaondoka naye. Mercy aliendelea na sauti yake mpaka wakapotea nyuma ya miti, na hata baadaye.

Mimi ndiye niliyemvua kofia.

Kutoka Olympic mpaka nyumbani huwa tunapokezana kumbeba. Jana mama alikataa. Vijana wa kinyozi walituona wakaanza mzaha wao wa kila Jumamosi: "Niaje Mercy, farasi umempaki wapi?" Mercy alicheka kama kawaida. Mama hakugeuka. Tulipofika mlangoni alimshusha, akashika kiuno, akasema polepole, "Kumbe ni mzito."

Kama vile ndiyo kwanza ameambiwa na mgongo wake.

Jioni alikata ugali. Kipande cha Mercy kilikuwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Kilipoisha, Mercy akafungua mdomo, akangoja. Mama akasema, "Imetosha." Mercy akaendelea kungoja, mdomo wazi, halafu akaanza kulia. Kupitia ukutani Mama Otis aliuliza mtoto analia nini. Mama akajibu anadeka tu. Kisha akasukuma sahani yake mwenyewe kando, na mimi nikarudisha kipande changu sufuriani. Ugali ulibaki kwenye sufuria, tukiwa watu watatu wenye njaa.

Alipomwosha aliniita nishike miguu. Ilikuwa imejifunga.

Leo asubuhi Mercy amepewa chai ya rangi, bila mkate. Mama alipokuwa akifunga kitambaa chake kichwani aliniambia, bila kunitazama, nisimpe kitu mpaka arudi. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kila mara.

Alipoondoka nilikunja blanketi, nikalifunga kwa leso likawa nene kama mgongo wa farasi, nikajaribu kumketisha Mercy juu yake. Nilimyumbisha kushoto na kulia kama ninavyoona wakifanya. Alinitazama. Hakutoa ile sauti. Miguu haikufunguka, na nilihisi aibu mbele yake kama mtu aliyekamatwa akidanganya.

Basi nikamuuliza. Mercy akitaka kitu huangalia juu, kwenye mabati. Asipotaka hufumba macho. Hiyo ndiyo lugha yetu, na jana watu wazima wote pale, na mimi pia, hatukuitumia.

Nikamuuliza, unamtaka Jenerali? Akaangalia juu.

Unataka ugali? Akaangalia juu kabla sijamaliza.

Nikamwambia huenda akapata kimoja tu. Hakuangalia juu, wala hakufumba macho. Alinitazama mimi tu, na mdomo ukafunguka.

Nimempa. Nimepasha moto ugali wa jana na mchuzi uliobaki, nikamlisha polepole mpaka akafumba macho mwenyewe. Sasa amelala, na mkono wake umelegea kidogo juu ya paja langu.

Labda nimemwondolea Jenerali kabisa. Mama anapigana kumrudisha pale juu kwa njia pekee aliyoiona, na mimi nimeiharibu ndani ya nusu saa. Sijui kama nimefanya vizuri. Najua tu kwamba siwezi kukaa tena nikiutazama ule mdomo ukingoja.

Ibada iko karibu kwisha. Nimejizoeza maneno: mama, nimempa chakula, na nitampa tena kesho. Najijua, sauti yangu inaweza kukosekana mlango ukifunguka.

Kwa hivyo sufuria sijaiosha. Nimeiweka katikati ya meza, wazi, mama aione kwanza.