Bawa la Nondo

Jumatatu, 3 Machi
Nondo kafia juu ya meza yangu, maabara. Badala ya kumfuta nikakata kipande cha bawa, nikakiweka chini ya hadubini. Loo! Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika, kumbe si unga. Ni magamba, maelfu, yamepangwa kama vigae vya paa. Mengine dhahabu, mengine rangi ya moshi. Nikabana simu kwenye lenzi, nikapiga picha. Mkuu wa maabara akanikuta. Nikajua leo nimekwisha! Akachungulia. Kisha akasema nimtumie na yeye.
Miaka tisa naangalia damu na mikojo ya watu. Hii ndiyo picha yangu ya kwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea Baba picha. Kashona nguo miaka arobaini, lakini tangu mwaka jana cherehani imefunikwa shuka. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Operesheni hataki kusikia. Jicho si tundu la kifungo, anasema, mtu alikate atakavyo.
Akaisogeza simu mpaka ikagusa pua. Ukungu mtupu. Basi nikamsimulia: safu zimelaliana, pembeni kuna kama mshono.
"Huo si mshono, huo ni upindo. Na uzi je?"
Hakuna uzi, Baba. Akacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.
Sasa anataka kuona mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mkuu karuhusu. Baba kavaa koti lake la harusini — kuja maabara! Nikamkalisha, nikamwelekeza. Akainama dakika nzima.
"Mwanangu, ni nzuri kweli. Dhahabu ile!"
Moyo ukanijaa. Nikainama na mimi — giza. Taa ya hadubini sikuwa nimeiwasha!
Nikamfunga vifungo vya koti, tukaondoka. Njia nzima ananisifu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelia chooni kazini. Mkuu kauliza. Nimesingizia spiriti imeniingia machoni.

Jumatano, 12 Machi
Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia: Baba, taa ilikuwa imezimwa. Akasema anajua. Giza analijua kuliko mimi.
"Ulikuwa na furaha. Ningekuharibiaje?"
Nikapandwa na hasira. Nikamwambia sitaki anifurahishe, nataka aone! Nikatoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo tangu nizaliwe.

Ijumaa, 14 Machi
Mama kapiga simu, anaongea kwa kunong'ona. Baba anauliza daktari wa macho anakuwepo siku zipi.

Alhamisi, 27 Machi
Wamemfanyia operesheni jicho la kulia jana. Naandika kwenye benchi la korido, mlango wa chumba uko wazi. Mama anasema hakulala, kila saa anauliza kama kumekucha. Daktari hakutuahidi kitu. Tumechelewa sana kumleta, kasema.
Muuguzi anabandua plasta. Polepole, dada! Bandeji imetoka. Baba kafumba macho yote.
"Fumbua, mzee."
Hafumbui.
"Mzee, fumbua tuone."
"Ngoja kwanza. Binti yangu yuko wapi? Mwiteni akae hapa mbele yangu."
Muuguzi anageuka kunitafuta. Naandika huku nainuka, hata mwandiko sijui nitausoma. Naja, Baba, usifumbue bado, naja —