Kisima cha Mabibo

Kiwandani, karibu na Kisumu
Jumanne

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima, na hilo neno "nyote" nimeliandika kwa hofu. Msishuke kisimani! Salim asishuke, wala wewe, wala mtu yeyote, mpaka umalize kusomewa haya.

Barua yako iliyoandikwa na mwalimu niliipata jana. Umenieleza kwamba mabibo ya msimu mzima, yaliyobaki baada ya kung'oa korosho, mmeyatupa katika kile kisima kikavu nyuma ya nyumba, yawe mbolea ya minazi, na kwamba sasa yanatokota bila moto na majirani wanasema mna jini. Wewe umecheka. Mwalimu atakuja kusoma dua, na Ijumaa baada ya sala mdogo wangu Salim atateremshwa kwa kamba aanze kupakua. Nakujua, hujapata kuogopa jini maishani mwako. Baba, heri lingekuwa jini.

Sikiliza lililotupata juma lililopita. Hapa tunakamua miwa, na masalia ya sukari, asali nyeusi waiitayo molasi, hutiwa katika tangi refu la chuma. Tangi moja lilikuwa limemwagwa, chini likabaki tope lililochachuka. Ouma, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, akashuka kwa ngazi kulisafisha. Hakupiga hata kelele. Tulimwona amekaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Ndugu yake Okelo akasema, "Ndugu yangu huyo!" akashuka mbio. Naye akalala juu ya mwenziwe. Mimi nikafuata. Nimefika kipago cha tatu cha ngazi, nyapara akanikamata ukosi wa shati akanivuta nje. "Wawili wanatosha!" akanifokea. Nilimtukana, Mungu anisamehe, nikamwita mwoga mbele ya watu. Wote wawili tumewazika.

Aliyenifahamisha ni mzee mmoja mpole anayepima sukari hapa kiwandani. Asema mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ina jiko lake. Chakula ndicho kuni. Hewa tunayovuta hukiteketeza polepole, nguvu na joto vikatoka, na pumzi tunayoitoa ndiyo moshi wake. Hamira, ichachuayo tope letu na matunda pia, nayo ni kiumbe hai. Ikifungiwa pasipo hewa haifi. Huila sukari nusunusu, ikapata nguvu haba, ikasaza kileo na moshi ule ule. Ndio unaoumua vitumbua vya Mama anapotia tembo la mnazi kwenye unga. Bakulini hauna neno, lakini shimoni ni mzito, hutuama chini kama maji na kuisukuma hewa njema juu, na macho hayauoni. Nikamuuliza, kwani sisi hatuwezi kuishi kama hamira? Akasema misuli hujaribu kidogo, ndiyo maana miguu huwaka ukikimbia sana, lakini ubongo hauna subira hiyo. Pumzi mbili tatu, basi, kwisha.

Sasa hayo mabibo yenu yanayotokota, Baba, ni tangi letu lile lile. Washa kandili, ifunge kamba, iteremshe mpaka chini uone itakavyozimika. Na hata isipozimika, nakuomba kifukieni hicho kisima, minazi haijafa njaa. Usiniambie mwalimu ameshasoma. Jini husikia kisomo, hewa hii haina masikio.

Sikuitia barua hii posta. Anaileta Mwachiro, jamaa wa Kinango ninayefanya naye kazi, apanda treni leo, akijaaliwa atavuka Likoni Alhamisi. Mpeni chakula, amenihurumia sana. Lakini treni huchelewa, na basi la kuja Msambweni mnalijua wenyewe.

Kwa hivyo nina neno jingine, na uniwie radhi mimi mwanao kulitamka. Kwetu mtu akianguka kisimani, wa damu yake hushuka, na anayebaki juu haitwi mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Kama barua imechelewa, kama Salim yuko chini na wewe umeshaishika kamba, iache, Baba. Kaa juu ulie.

Msalimie Mama, usimsomeshee hili la mwisho. Msalimie Shangazi Mwanamisi na watu wa nyumbani kwake. Mwalimu anayekusomea nampa mkono, na namwomba mahali hapo pa kamba aparudie mara mbili, asiruke kwa kuona haya. Salim mwambie nimemnunulia shati la sikukuu, na ole wake asilivae.

Barua ya msiba yenye jina moja nitaipokea, nitalia, nitaishi. Yenye majina mawili usikubali iandikwe.

Ni mimi mwanao, niliyevutwa ukosi,
Bakari