Maji ya Kusafishia Bunduki

Lukuledi, 3 Juni 1953

Binti yangu Filomena,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo tumekwisha zoeana. Nyie huko Temeke hamjambo? Wajukuu zangu wanakua?

Mkwe wangu Didas akirudi huko atakukabidhi bunduki yangu pamoja na kibali chake. Nataka iuzwe. Unajua nimewalisha kwa bunduki ile tangu nikiwa askari wa wanyama pori. Sasa imenikana. Masika haya nimekosa nguruwe, nikakosa tandala, na mwisho nikamkosa nyati aliyesimama karibu kama kutoka mlangoni kwangu hadi jikoni. Risasi ikaenda kujichimbia kwenye mti wa mninga, nyati akanigeukia. Kama nisingepanda mti na goti hili, usingekuwa unasoma barua hii.

Mwindaji wa huku akikosa mara moja husema ni bahati. Akikosa mfululizo, hutazama nyumbani kwake. Mume akiwa porini mke ana miiko yake, na ule mkubwa kuliko yote, wa kutotoka nje ya ndoa, unaujua, wewe ni mtu mzima. Mama yako ameapa kwa Mungu kwamba hana kosa. Nimemrudisha kwa kaka zake. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, mwezi wa nane, wajomba zako watakuja tulimalize mbele ya wazee. Inaniuma kukuandikia haya, lakini bora uyasikie kwangu.

Uza bunduki. Sitaki kuiona.

Baba yako,
Albano


Temeke, 28 Juni 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, watoto wanakuamkia. Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimeketi chini.

Bunduki sijaiuza, unisamehe. Didas aliipeleka kwa fundi Fakihi, aliyekuwa akitengeneza silaha za jeshi wakati wa vita, aitazame kabla hatujatafuta mnunuzi. Nami nikafuatana naye. Fundi alichungulia ndani ya mtutu, akaguna, akanipa nami nichungulie. Ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ili iende sawa imeliwa na kutu. Akaenda kuijaribu kwenye ubao. Baba, risasi haikutoboa tundu la duara. Ilitoboa tundu refu kama tundu la ufunguo, maana ilifika imelala ubavu. Fundi anasema kwa mtutu huu hata ukilenga nyumba utakosa mlango.

Anasema kuna mambo matatu: kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu, kuitundika ukutani iwe kumbukumbu, au kuitia mtutu mpya, na anao unaofaa. Lakini hawezi kuubadili bila saini yako wewe mwenye kibali. Naomba utie saini. Bunduki ikiuzwa, mama atabaki na lile neno mpaka kaburini, na hakutakuwa na cha kumtetea.

Kama fundi humwamini, basi uamini mninga wako. Nenda ukatazame tundu.

Mwanao,
Filomena


Lukuledi, 20 Julai 1953

Filomena,

Salamu. Mimi mzima.

Umesoma kwa masista, sawa, lakini hukusomea porini. Bunduki ile nilianza kuishika kabla hujazaliwa. Ingeharibika nisingejua? Fundi mwenye mtutu wa kuuza atakwambia nini zaidi ya kwamba mtutu unahitajika? Kwenye mninga siendi. Njia ile ina nyati, na mimi sina bunduki. Wajomba zako wamekwisha itwa, na mambo ya wakubwa uwaachie wakubwa.

Jambo jingine. Mjomba wako ameleta habari kwamba mama yako hayupo kwake. Ameondoka bila kuaga. Sasa nijibu wewe, mwanamke asiye na kosa hukimbia?

Uza bunduki.

Baba yako,
Albano


Temeke, 4 Agosti 1953

Baba,

Shikamoo. Mama yuko kwangu. Alikuja kwa meli kutoka Lindi, amekonda mpaka watoto hawakumtambua. Neno lile usiliseme tena kwa mtu yeyote.

Fundi Fakihi aliniuliza swali ambalo sikukuandikia, kwa kuwa jibu lake liliniogopesha. Aliuliza: "Baada ya kupiga, nani alikuwa akiimiminia maji ya moto? Risasi hizi za zamani huacha chumvi ndani, na mafuta peke yake hayaitoi." Nilikumbuka, baba. Ukirudi kutoka porini, mama alichemsha maji ya bunduki kwanza, nyama ikangoja. Sie watoto tulilia njaa, naye anamimina, anapitisha kitambaa, anakausha. Kisha ukafanywa mkubwa wa wawindaji, wenzio wakakwambia mkono wa mwanamke hauigusi bunduki ya mkubwa, nawe ukampiga marufuku. Tangu hapo ukawa unaipaka mafuta tu. Mwiko wako ndio ulioula mtutu.

Mama alipoiona bunduki alichungulia ndani, akasema, "Wameiacha ikafa," akalia. Hakulilia mambo yake.

Nina hasira, na sijui namna ya kumwandikia baba yangu nikiwa na hasira, kwa hiyo naishia hapa. Siuzi. Ukitaka iuzwe, njoo uiuze mwenyewe.

Mwanao,
Filomena


Temeke, 2 Septemba 1953

Baba,

Shikamoo. Sikukuu imepita na hatujasikia neno. Wazee walisema nini? Mama haulizi, ila Didas akirudi kutoka posta humtazama mikononi. Hata kama ni mabaya, andika.

Filomena


Lukuledi, 9 Septemba 1953

Mwanangu Filomena,

Salamu kwako, kwa Didas, kwa watoto, na kwa mama yako akizikubali.

Wajomba zako walipofika na wazee, niliwaambia tutembee kwanza. Sikuwa nimelala vizuri tangu barua yako ile ya hasira. Tuliukuta mninga. Utomvu wake mwekundu umeganda chini ya tundu, na tundu lenyewe ni refu, limelala, kama ulivyoandika. Shemeji yangu mkubwa akatia kidole, akanitazama. Nikasema mimi. Nilisema Rosalia hana kosa, mtutu ulikufa, na aliyeuua ni mimi niliyemkataza kuusafisha. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie. Baada ya hapo nikashindwa kukuandikia kwa aibu.

Saini yangu imo humu. Bunduki isiuzwe, itiwe mtutu mpya. Mwambie mama yako arudi nayo. Nyumba imekuwa kubwa, na mimi sijui hata chumvi anaiweka wapi.

Baba yako,
Albano


Temeke, 27 Septemba 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na mama ameanza kula.

Nilimsomea barua yako akichambua mchele. Akaniambia nirudie pale ulipomtaja jina. Nikarudia. Alilia kidogo, kisha akaendelea na mchele.

Mtutu mpya umeshatiwa. Fundi aliujaribu kwenye ubao, tundu ni duara kabisa. Lakini mama harudi nayo kwa meli, baba. Anasema umewaambia kaka zake na umewaambia wazee, ila yeye hujamwambia. Anataka uje uyaseme hapa alipo, akikuona uso. Nilimwambia goti lako linauma. Akasema goti lililopanda mti litapanda meli.

Kuna jambo moja zaidi, na ameniambia niliandike kama alivyolisema. Ukifika, maji ya kusafishia bunduki utayachemsha wewe. Yeye atakaa akutazame.

Mwanao akupendaye,
Filomena